Nyumba Waliyoitaka Bila Mwenyewe

Wanawake wa kanisa letu hapa Kilungu walininunia niliporudi kutoka Kyoto bila picha ya lile hekalu la dhahabu. Walikuwa wamenisindikiza kwa nyimbo hadi barabara kuu ya Mombasa, wakaniombea pale kando ya vibanda vya matunda, na walitarajia nirudi na kitu cha kuonyesha. Simu yangu ilipozungushwa baada ya ibada, waliona uchochoro, mlango wa mbao nyeusi, na bibi kizee mfupi aliyeinama.

"Mwalimu," mwenyekiti wetu akaniuliza, "ulienda hiyo safari yote ndio upige picha nyuma ya manyumba?"

Ndiyo, nilipiga picha nyuma ya manyumba. Nimeona afadhali niandike, kwa sababu kila nikijaribu kusimulia kwa mdomo sauti yangu inapanda, na watu wanadhani nawagombeza wao.

Binti yangu anaishi Kyoto. Alienda kusoma, akapata kazi, akaolewa na kijana wa mji huo huo. Mbuzi wa ntheo, wale wanaotolewa kwetu Ukambani ili ijulikane kwamba msichana ameolewa na hakuibwa, kijana aliwatoa bila kuwaona. Kaka yangu aliwanunua kwa niaba yake sokoni Nunguni, akamtumia picha yao wamefungwa kwenye kigingi. Kijana alijibu akiuliza kama wana afya. Nilimpenda kwa swali hilo, nikampenda kwa mbali, kama inavyotakiwa.

Binti akajifungua mtoto wa kike katika mvua zetu za mwisho wa mwaka, wakati kila mtu mwenye jembe yuko shambani. Mume wangu alishatangulia mbele za haki, na kifungua mimba wangu yuko Nairobi na shughuli zake, kwa hiyo hapakuwa na wa kuniachia shamba ila kibarua. Wenzangu wakapanda mahindi, mimi nikapanda ndege.

Sasa kuna jambo ambalo msomaji asiye wa kwetu lazima alijue. Kwetu mama halali chini ya paa moja na mume wa binti yake. Hali naye meza moja, hamkazii macho, na wakikutana njiani mmoja anapisha. Hiyo tunaiita nthoni, haya ya heshima, wala si haya ya aliyekosa. Vijana wanaicheka. Mchungaji wetu mwenyewe amewahi kuhubiri kwamba hayo ni mambo ya gizani, lakini mama mkwe wake akija kumtembelea analazwa kwa mzee wa kanisa, na hatujasikia akihubiri kuhusu hilo.

Binti yangu anayajua haya yote. Lakini alikuwa amekaa nje miaka mingi, akadhani nami nitayaacha uwanja wa ndege pamoja na maji yangu ya chupa. Walikuwa na nyumba ghorofani, vyumba vichache vyembamba, na kimoja walikuwa wamekiandaa vizuri, kitanda kifupi, taa, kiti chenye mikono ya kushikilia. Nilikiona nikiwa mlangoni. Nikarudi nikaingia kwenye lifti na begi langu, nikateremka, nikaketi juu ya begi hapo chini penye masanduku ya barua.

Mkwe wangu alishuka mbio akidhani nimetukanwa na udogo wa chumba. Akawa anainama. Nami nikajifunika leso usoni na kugeukia ukuta. Akazunguka aniombe radhi kwa upande ule mwingine, nikageuka tena. Majirani walipita na mifuko yao ya chakula wakijifanya hawatuoni.

"Mum, please," binti akaniambia, mtoto mkononi, machozi yanamtoka. "Hii ni Japan. Hakuna mtu wa Kilungu atakuona."

"Mimi nitajiona."

"Sasa utalala wapi? Hoteli zote zimejaa watalii."

"Hata zingekuwa tupu, siendi kulala hoteli kama dereva wa lori pale Mtito Andei. Huyu kijana hana mama?"

Binti akamtazama mumewe. Mumewe akatazama viatu vyake. Niliuona ukimya ule, nikauweka akilini. Hatimaye akapiga simu, akaongea kwa sauti ya chini sana, na baada ya hapo tukaingia kwenye teksi, mimi mbele na yeye nyuma kabisa.

Hivyo ndivyo nilivyofika katika Kyoto ambayo haimo kwenye kalenda. Teksi haikuweza kuingia. Tulitembea kwenye uchochoro ambao watu wawili wenye mizigo hawapishani bila kuombana samahani. Nyumba zilikuwa za mbao, nyembamba mbele na ndefu kwenda nyuma, na madirisha yake yalifunikwa kwa fito zilizopangwa karibu karibu. Mwisho wa uchochoro mlango ulifunguliwa na mama yake mkwe wangu. Alikuwa amevaa aproni, nywele nyeupe kama tui. Alinitazama mimi, akatazama begi langu, akaniambia neno ambalo sikulielewa, akaingia jikoni. Niliposikia maji yakimiminwa kwenye birika nilijua nimefika.

Sijui niseme nini kuhusu sisi wawili. Hatukuwa na lugha. Kulikuwa na simu ya kutafsiri, lakini iliniambia asubuhi ya kwanza kwamba mkwe mwenzangu anataka kuniosha kama mchele, tukaiweka kando. Alinionyesha kwa mkono, nami nikamwonyesha kwa mkono. Zamani alifuma hariri. Mtaa ule wote ulikuwa wa wafumaji, na bado ukipita saa za asubuhi unasikia katika nyumba moja moja mashine ikigonga, pa, pa, pa, kama mtu anayetwanga mahindi ya muthokoi polepole. Nilipotoa kiondo nilichokuwa nasuka, aliweka kikombe chini. Aliushika ule uzi wa katani, akauchezesha kati ya vidole, akaangalia jinsi nilivyoanza kitako. Kisha akanisukuma begani kama tumelingana rika, na tuko rika kweli.

Kila asubuhi nilikwenda kwa binti yangu kumwogesha mtoto na kumpikia mama yake uji, na kila jioni niliondoka kabla mkwe hajarudi kutoka kazini. Mji niliouona ni ule ulio katikati ya nyumba hizo mbili. Mzee anayeuza maharagwe yaliyogandishwa kama maziwa, anayekata vipande ndani ya maji kwa kisu kipana. Bafu la umma lenye bomba refu la moshi, ambako wanawake wazima wanaoga pamoja bila haya na kunisugua mgongo bila kuniuliza. Kwenye pembe moja, kibanda kidogo cha sanamu ya jiwe ya mtoto, amevalishwa kitambaa chekundu kifuani, na kila siku kuna mtu amembadilishia maji na maua. Mimi ni Mkristo, sikuinama, lakini sikupita bila kuangalia kama maji yamebadilishwa.

Binti alinipeleka mara moja kuona hekalu la dhahabu. Hatukulifikia. Barabara ilikuwa imefurika watu waliopandisha simu zao juu ya vijiti, wakipiga picha migongo ya waliowatangulia. Nikamwambia nimechoka, turudi, afadhali nikanunue maharagwe.

Kosa langu kubwa nililifanya na ufagio. Mkwe mwenzangu alifagia mbele ya mlango wake kila alfajiri, polepole, jani moja moja. Niliona aibu kulala huku mwenye nyumba anafagia, kwa hiyo siku moja nikamtangulia. Mimi ni mwanamke wa Kilungu. Nikifagia, nafagia. Nilianza mwisho wa uchochoro nikaumaliza hadi barabarani, milango yote, kushoto na kulia, nikakusanya majani rundo moja la haja. Nilijisikia vizuri sana.

Kabla ya chai, jirani mzee wa mlango wa pili alikuja na kisanduku cha peremende kilichofungwa kwa karatasi ya maua. Mkwe mwenzangu alikipokea akiinama, na nikaona masikio yake yamekuwa mekundu. Mchana akatoka kwenda kununua kisanduku chake, akampelekea. Kesho yake jirani wa mlango wa tatu akaleta machungwa, tukapeleka keki. Ikawa vifurushi vinavuka uchochoro siku nenda siku rudi, na mimi sielewi ni sikukuu gani. Nilimpigia binti.

"Mum! Umefagia kwa watu?"

"Nimefagia uchochoro. Ni dhambi?"

"Unafagia kwako, na kidogo tu ya jirani. Kama upana wa ufagio. Ukifagia yake yote ni kama unamwambia ni mchafu, halafu pia anakuwa na deni lako. Hapa hawapendi deni."

Nilikasirika. Nilisema mahali ambapo mtu hawezi kumfagilia jirani bila kesi ni mahali pagumu. Lakini asubuhi iliyofuata nilisimama mlangoni nikamwangalia mwenzangu vizuri. Upande wa jirani mzee alifagia kwake, akavuka mpaka wa jirani kwa upana wa ufagio, akasimama hapo. Na jirani naye alikuwa ameshavuka upana ule ule kuja kwake. Kati yao palikuwa pamefagiwa mara mbili. Ndipo nikaelewa kwamba ule upana wa ufagio ndio salamu yao, na mimi nilikuwa nimeupigia kelele.

Upande wa pili wa nyumba yake hakukuwa na salamu. Nyumba hiyo na nyingine zilizofuata zilikuwa zimegeuzwa kuwa malazi ya watalii. Hakuna aliyeishi humo. Mlangoni kulikuwa na kufuli ya kubonyeza namba, na majani yalijikusanya hapo hadi kampuni itume gari. Mkwe mwenzangu alivuka mpaka kwa upana wake upande huo pia, kila siku, kisha akatazama yale majani ya mbele ambayo hayakuwa na wa kumjibu, akaingia ndani.

Wageni wenyewe walikuja usiku na kuondoka alfajiri, wakiburura masanduku ya magurudumu juu ya mawe, garagara, mpaka vikombe vinatetemeka kabatini. Mmoja alifungua mlango wetu akaingia na viatu hadi kwenye mkeka, akatutazama tumeketi, akapiga picha. Si kwamba alipotea. Aliona mlango mzuri akafungua. Nilimfukuza kwa Kikamba, na nikagundua kwamba Kikamba kinaeleweka popote. Mwingine, mwanamke mwenye kofia, alinikuta nje akaniuliza kwa Kiingereza kama mimi ndiye mfanyakazi wa humo, na kama bibi anakubali kupigwa picha akiwa anafagia, lakini asitazame kamera, aonekane wa kawaida. Nilimwambia bibi ni wa kawaida hata asipopigwa picha. Akanishukuru. Hata kutukanwa hakujua.

Nilimweleza binti haya yote nikiwa nimepandwa na hasira, mtoto kwenye beseni. Hakucheka nilivyotarajia. Aliendelea kumwagia mtoto maji.

"Mum, msizoeane sana."

"Kwa nini?"

"Hiyo nyumba inauzwa. Kampuni ya malazi inachukua. Yeye anakuja kukaa na sisi." Akainua mtoto, akamfunga taulo. "Ile chumba ulikataa ni yake. Ile kiti na zile vitu za kushikilia zilinunuliwa juu yake."

"Yeye anajua?"

"Aliambiwa."

"Akasemaje?"

"Hakusema kitu."

"Na kwenu huku mtu asiposema kitu amekubali?"

Akaanza kumvisha mtoto nguo. Nilitembea kurudi uchochoroni nikipita bafu na sanamu bila kuziona. Nilimkuta mwenzangu amewasha taa, ameweka vikombe viwili. Niliona nyumba yote upya. Bustani ya nyuma, isiyopita ukubwa wa zizi la mbuzi watatu, yenye jiwe moja na mti mmoja. Nguzo nyeusi ya jikoni ambayo mkono wake huishika akipita, mpaka imeng'aa mahali hapo tu. Alizaliwa humo. Aliolewa na mwanamume aliyekuja kuishi kwake, akamzika, akalea mwana mmoja. Sasa huyo mwana, ambaye hati imeandikwa jina lake, anauza.

Hapo mtu atasema hayakunihusu. Binti yangu alisema hivyo, mara nyingi. Lakini nilikuwa nimelala katika nyumba hiyo na kula humo, na kwetu ukila kwa mtu huwezi kukaa kimya anapotolewa kwake. Jambo moja tu lilinizuia. Mtu wa kuambiwa alikuwa mkwe wangu, na mkwe wangu nisingeweza kumtazama.

Jumapili walikuja wote, binti, mumewe na mtoto, pamoja na kijana wa kampuni aliyevaa suti nyembamba. Mimi nilikaa nyuma ya mlango wa karatasi unaotenga jikoni na sebule, kama inavyonipasa. Kijana wa suti alipita kila mahali akipima kwa kifaa kinachotoa nukta nyekundu ukutani. Alifurahi. Kila alichokiona alikisifu, na binti, aliyesogea karibu na mlango wangu, alikuwa akininong'oneza anachosema.

Nguzo haitaguswa, alisema, wageni wanapenda nguzo nyeusi. Bustani itabaki. Birika litabaki, na vikombe, na mkeka, na ule ufagio wa mwanzi pale mlangoni, unapendeza sana kwenye picha. Wageni wa sasa wamechoka na hekalu la dhahabu. Wanatafuta upande wa mji ulio kimya, maisha yenyewe, na hapa yapo kamili. Hakuna kitu kitakachotupwa.

Nilisikiliza nikihesabu moyoni kila alichokitaja, nikingoja amtaje mwenye nyumba. Hakumtaja. Walitaka kila kitu cha yule mama isipokuwa mama mwenyewe. Walitaka hata ukimya wake, wauuze kwa watu wa kuja na masanduku ya magurudumu kuuvunja.

Nilisukuma mlango. Niliingia sebuleni bila leso, nikapiga magoti kwenye mkeka mbele ya mkwe wangu, nikamtazama usoni. Sijawahi kufanya jambo la namna hiyo maishani. Yeye naye alikuwa ameshafundishwa na mke wake, akainamisha kichwa mara moja.

"Nitazame," nilimwambia kwa Kiingereza, kwa ile sauti iliyonilisha darasani miaka yote. "Ulitoa mbuzi kwa ajili ya binti yangu. Uliuliza kama wana afya. Mama yako umemuuliza nini?"

"Mum!" binti akapiga kelele.

"Nyamaza. Namuuliza yeye. Umemuuliza kama anataka kuondoka, au ulimwambia anaondoka? Huyu mtu anachukua birika na ufagio, anaacha mama. Wewe ungemruhusu mwizi achague hivyo?"

Kijana wa suti alishika kifaa chake kwa mikono miwili. Mkwe wangu aliinua uso. Alikuwa mweupe mdomoni.

"Nafanya kazi hadi usiku," alisema taratibu. "Niko mbali. Hiyo ngazi ina mwinuko mkali. Bafu lina baridi. Kila asubuhi naamka nikifikiria simu. Akianguka, nani atamwokota? Wewe utakuwa Kenya."

Hilo lilinikasirisha zaidi. Nilisema majirani. Nilisema kwetu watu wanaachwa waishi kwao. Nilisema mengi. Mkwe mwenzangu, ambaye hajui Kiingereza hata kidogo, alikuwa akitutazama kwa zamu. Akamgusa binti yangu goti, akamuuliza. Binti alimweleza, sijui alipunguza kiasi gani. Yule mama alinigeukia, na uso wake ulifunguka kwa namna ambayo sikuwa nimeiona. Nilielewa kwamba hakuna mtu aliyekuwa amemsemea kabla ya siku hiyo.

Akakaa wima. Akazungumza, yeye ambaye hakuwa amesema kitu. Alizungumza na mwanawe kwa sauti nyororo, hata akatabasamu kidogo mwishoni, akajipiga kifuani kwa kiganja, kama mtu anayetoa ushahidi mzuri. Nilifurahi. Nilidhani tumeshinda. Nikamwangalia binti anitafsirie, nikaona ameweka mkono mdomoni.

"Anasema asiogope," binti akasema. "Anasema alishaanguka. Baridi iliyopita, kwa bafu. Alilala kwa sakafu mpaka asubuhi, hakuweza kusimama. Halafu kulipopambazuka akashika beseni akasimama mwenyewe, akatoka akafagia. Hakuambia mtu. Anasema, unaona, naweza."

Yule mama aliendelea kutabasamu akimtazama mwanawe, akingoja asifiwe. Mwanawe aliinama mpaka paji la uso likagusa mkeka, mabega yakamcheza, na alipoinuka hakumtazama tena mama yake. Alinyoosha mkono kwa kijana wa suti. Kijana akampa karatasi na kalamu.

Alitia sahihi hapo hapo, kwenye goti lake.

Nimekasirika na kijana wa suti, na wageni, na yule mwanamke mwenye kofia. Mkwe wangu nimejaribu kumkasirikia nikashindwa, na hilo nalo linaniudhi. Lakini ninachoshindwa kabisa kukimeza ni kwamba tulitaka mama aseme, na aliposema, ukweli ndio uliomfukuza kwake. Angenyamaza, labda wangeendelea kuahirisha. Alitoa aibu yake kubwa kama mtu anayetoa kitu cha thamani alichokificha, akiamini kitamwokoa, na mimi ndiye niliyekuwa nimefungua mlango.

Niliondoka kabla hawajamhamisha. Alinisindikiza hadi mwanzo wa uchochoro. Nilimwachia kile kiondo, hakijaisha, mdomo haujafungwa. Alijua la kufanya.

Sasa nyumba ni malazi. Binti alinitumia tangazo lake: vikombe vile vile viwili kwenye trei, mlango wa fito, na maneno yanayowaalika watu waje waonje maisha ya kweli ya mji wa kale, mbali na umati. Mama yuko ghorofani kwenye chumba chenye kiti cha kushikilia. Anamlea mjukuu wetu vizuri, binti anasema, na chakula anakula. Hazungumzi sana.

Wiki iliyopita mvua ilininyeshea nikitoka kwenye parachichi, na pale kwenye tuta la pili, ambapo nimepita tangu nije kuolewa, mguu uliteleza. Nilikaa kwenye matope muda, nikisikia kijito chini, hakuna mtu. Kisha nikatambaa hadi mti wa kwanza, nikajiinua.

Jioni kifungua mimba wangu alipiga simu kutoka Nairobi. Alikuwa mpole kupita kawaida. Aliuliza mvua, aliuliza kibarua, akauliza kanisa. Kisha akasema kuna jamaa anatafuta mahali pa kujenga nyumba za wageni, watu wa mjini wamechoka na kelele, na amepita hapa kwetu Kilungu akapapenda sana, pametulia.

"Si ati tunakufukuza, Mum. Tunafikiria tu. Hiyo nyumba ni kubwa ya mtu mmoja, na huko kwa mteremko kunateleza. Ukianguka je? Umewahi kuanguka?"

Nilikuwa nimeketi jikoni, mguu umevimba ndani ya beseni la maji ya chumvi.

"Mimi? Sijawahi," nilimwambia, nikaongeza maji ya moto polepole kando ya beseni, ili asiyasikie yakimwagika.